Skupu ya boneti kwenye Datsun 240Z: kisa kimoja cha Arusha

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, injini L24 ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Ni aina ileile iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ndiyo maana chache zilizobaki huku kwetu Kaskazini zinatunzwa kama mboni ya jicho.

Gari hili linakaa Njiro. Kabla ya kufungwa skupu, yaani kiingizio cha hewa kinachoinuka juu ya boneti, lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiliendesha likapata moto, ukalizima dakika 15 hivi sokoni, kuliwasha tena ni shughuli. Linatetemeka, linazima, linanuka petroli. Mwenyewe aliambiwa dawa ni kulifungulia boneti hewa. Akafungiwa skupu. Miezi miwili baadaye ugonjwa wa kwanza ulikuwa palepale, na mingine minne imeongezeka: injini inamisi na kukohoa ikipita kilomita 90 kwa saa kwenye tambarare ya kuelekea KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), rangi imepasuka kuizunguka skupu, vichujio vya hewa vimelowa baada ya mvua, na boneti inatetemeka barabarani kuliko zamani.

Kisa hiki kinafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu hakuna hata kosa moja ndani yake lililo geni. Kila moja utalikuta kwenye gari jingine, ila mara chache yanakutana yote kwenye boneti moja.

Skupu ilivyofungwa mara ya kwanza

Skupu ilikuwa ya faiba, ya kununua, umbo la Subaru Impreza. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Skupu ya Impreza ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) haipeleki hewa kwenye injini. Chini yake kuna intakula, kipoza hewa ya tabo, iliyolala juu ya injini. Hewa inapita katikati ya mapezi ya intakula, inaipoza, kisha inateremka na kutokea chini ya gari. Hewa ya kuchomea mafuta inaingilia mahali pengine kabisa. Anayenakili umbo hilo na kuliweka juu ya kabureta amechukua kifaa cha kazi nyingine.

Boneti ilikatwa tundu la milimita 320 kwa 100 katikati, kwa grenda, pembe zikiwa kali. Katika kukata, ubavu mmoja wa fremu ya ndani ya boneti ulikatwa pia. Skupu ikapigwa riveti 24 za milimita 4, ukingo ukazibwa kwa puti, ukasuguliwa msasa na kupigwa rangi ili ionekane kama imezaliwa na boneti. Ndani likatengenezwa boksi la bati lililofunika vichujio viwili vidogo vya kabureta, mdomo wake ukielekea kwenye skupu. Kwa nje kazi ilikuwa nzuri ya kutazama.

Muhimu zaidi ni kitu ambacho hakikuguswa. Gari linapotoka kiwandani lina ea klina (nyumba ya kichujio cha hewa) moja ndefu ya bati inayofunika kabureta zote mbili, na mipira ya pumzi ya mabakuli ya floti, yale yanayoshika petroli kwenye kabureta, inaingia kwenye ea klina hiyohiyo. Ea klina ya gari hili ilikuwa imeondolewa miaka mingi nyuma na kuwekwa vichujio vya wazi. Mipira ya pumzi ikaachwa inaning'inia ndani ya chumba cha injini. Ilipokuwa hivyo tu, haikudhuru sana: midomo ya kabureta na mabakuli ya floti vilikuwa vinapumua hewa ileile. Boksi la skupu ndilo lililovitenganisha.

Mpira wa levo

Mafundi watatu walikuwa wameshalishika gari hili kwa tatizo la kukohoa. Plagi mpya, platini, kondensa, pampu ya mafuta. Plagi zilipotolewa mara baada ya mwendo kasi zilikuwa nyeupe kama chokaa, silinda zote sita. Nyeupe kwenye silinda moja ni tatizo la silinda hiyo. Nyeupe kwenye sita, tena kwa mwendo kasi pekee, maana yake mchanganyiko mzima ni mkavu: hewa nyingi, mafuta machache.

Kipimo kilichofungua kesi hakigharimu kitu. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uleule wa fundi ujenzi wa kupimia levo. Mita 8 za mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 6 zinatosha. Unaukunja umbo la U katikati, unaufunga kwenye ubao wenye rula, unatia maji yenye tone la wino hadi nusu. Ncha moja ikaingizwa ndani ya boksi, nyuma ya kichujio, upande wa hewa safi. Ncha ya pili ikafungwa karibu na mipira ya pumzi ya mabakuli. Mipira yote miwili ikapitishwa dirisha la abiria. Anayesoma ni abiria. Dereva macho barabarani.

Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, maji yalikuwa sawa pande zote mbili. Kilomita 60 kwa saa, tofauti milimita 5. Kwa 80, milimita 9 hadi 10. Kwa 100, milimita 15. Ukizitazama namba hizo utaona zinakua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, shinikizo linazidi mara nne. Hili lishike, litarudi.

Kwanza lakini tuondoe imani moja. Wengi wanafunga skupu wakiamini hewa itasukumwa ndani ya injini kama tabo. Kwenye urefu wa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unatoa shinikizo la paskali 400 hivi, yaani milimita 40 za maji, na hiyo ni kama ungelikamata lote. Shinikizo la hewa yenyewe Arusha ni karibu paskali 86,000. Umeongeza chini ya nusu ya asilimia moja. Hakuna mguu wa dereva utakaolihisi hilo.

Faida ya skupu iko kwenye ubaridi. Kipimajoto kilichowekwa karibu na vichujio kabla ya boksi kufungwa kilisoma nyuzi 62 gari likiwa limepata moto. Ndani ya boksi, gari likiwa mwendoni, nyuzi 29. Hewa ya nyuzi 29 ni nzito kuliko ya nyuzi 62 kwa karibu asilimia 11. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli. Na hiyohiyo, isiposhughulikiwa, ni sehemu ya ugonjwa.

Vitu vitatu vidogo vilivyoelekea upande mmoja

Kabureta ya mtindo wa SU inavuta mafuta kwa tofauti ya shinikizo kati ya bakuli la floti na koo la kabureta. Pistoni inayopanda na kushuka inaiweka tofauti hiyo karibu milimita 200 za maji, injini ikienda polepole au kasi. Sasa weka milimita 15 za shinikizo la skupu kwenye mdomo wa kabureta, huku bakuli likipumua chumba cha injini. Mvuto uliobaki ni milimita 185. Mafuta yanayopita yanapungua kwa karibu asilimia 4.

La pili ni ubaridi. Kabureta inapima hewa kwa nafasi inayoichukua, haina mizani ya uzito. Hewa ikiwa nzito kwa asilimia 11, mchanganyiko unakauka kwa asilimia 5 hivi, kwa sababu mafuta hayaongezeki kwa kadiri ileile. Kabureta za gari hili zilikuwa zimerekebishwa wakati zikivuta hewa ya moto. Hakuna aliyezigusa baada ya skupu.

La tatu ni barabara yenyewe. Kabureta zilirekebishwa Arusha. Ukishuka Tengeru, Usa River, Kikatiti hadi njia panda ya KIA, umeteremka hadi karibu mita 900. Hata ukitoa joto linaloongezeka huko chini, hewa ni nzito kwa asilimia 5 hivi, na mchanganyiko unakauka asilimia 2 na nusu zaidi.

Jumlisha: zaidi ya asilimia 11. Kabureta iliyokuwa ikitoa sehemu 13.5 za hewa kwa moja ya mafuta sasa inatoa 15 kwa moja, wakati injini inayovuta mzigo inataka 12.5 hadi 13. Inakohoa, plagi zinakuwa nyeupe, na ukiilazimisha kwa muda mrefu unatoboa pistoni. Na ndiyo maana gari lilikuwa zuri ndani ya mji, likaugua baada ya Kikatiti. Dereva alidhani ni petroli mbaya ya kituo fulani. Petroli haikuwa na kosa.

Fundi mmoja alijaribu kutibu kwa kushusha nati za jeti, tundu linalopitisha petroli, ili mafuta yaongezeke. Kawaida ya kabureta hizi ni kuanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu. Yeye alifika karibu minne. Gari likawa linatoa moshi mweusi kwenye foleni ya Sakina na bado linakohoa KIA. Haikuwezekana iwe vinginevyo. Shinikizo la skupu kwenye foleni ni sifuri na kwenye kilomita 100 ni milimita 15, kwa hiyo hakuna mkao mmoja wa jeti unaofaa pote pawili. Tofauti hiyo inabidi iondolewe kabisa, na kuiondoa ni kuyafanya mabakuli ya floti yapumue kutoka ndani ya boksi lilelile.

Kwa nini rangi ilipasuka

Boneti ya 240Z ina mgongo katikati, umeinuka na kushuka taratibu kuelekea pembeni. Skupu ya kununua ina kitako bapa. Ukiiweka juu ya mgongo inagusa katikati, na pembeni inabaki imeelea. Skupu hii ilielea milimita 9 kwenye kona za nyuma, na pengo lote likajazwa puti. Puti ya bodi ni ya kuziba mikwaruzo na mabonde ya milimita 2, 3 ikizidi sana. Ikiwa nene kama kidole inakauka ikiwa na msongo ndani yake, na haina uwezo wa kunyumbuka.

Kisha jua. Boneti nyeusi mchana inapanda nyuzi 40 juu ya ilivyokuwa alfajiri bila shida. Chuma cha nusu mita kinarefuka robo ya milimita kwa joto hilo. Faiba ya poliesta inarefuka karibu mara mbili ya hapo. Kila siku, kwenye ule mstari wa kuungia, kimoja kinamvuta mwenzake. Kati yao kuna puti ngumu na rangi ngumu. Ufa wa kwanza ulianzia kwenye kona ya nyuma kushoto, ulipo unene mkubwa wa puti. Mwingine ulianzia kwenye pembe kali ya tundu lenyewe, ukapanda juu ya bati, maana bati lililokatwa pembe kali linachanika kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi.

Hapa tuna msimamo, na tunausimamia. Ukitaka skupu isiyo na mstari, iliyoyeyuka ndani ya boneti, tengeneza ya chuma cha unene uleule na uichomelee. Ukitaka ya faiba, kubali mstari. Uuache uonekane, uupambe kwa ukanda wa mpira, utaishi miaka. Kuficha maungio ya faiba na chuma chini ya rangi ni kumwahidi mteja kitu ambacho jua litakivunja.

Mwenyewe alichagua faiba, kwa kuwa hakutaka boneti iwe nzito, na mstari akaukubali.

Kazi ya kurudia

Boneti ya 240Z ina bawaba mbele na inafunguka kutokea kwenye kioo. Kabla ya kulegeza bolti, bawaba zilizungushiwa alama ya penseli, kisha watu wawili wakaitoa. Injini na kioo cha mbele vilifunikwa blanketi lililoloweshwa, kwa sababu cheche za grenda zinang'ang'ania kwenye kioo na rangi, na baada ya mvua moja zinageuka madoa ya kutu yasiyotoka.

Riveti zilitobolewa, puti yote ikabanduliwa mpaka bati likaonekana. Matundu 24 yakazibwa kwa kuchomelea kwa mashine ya MIG, waya wa milimita 0.6, nukta moja moja, kuruka kutoka upande huu kwenda ule na kusubiri bati lipoe hadi uweze kuliwekea kiganja. Bati la boneti ni karibu milimita 0.8. Mashine ya vijiti haifai hapa, itatoboa, na kuchomelea mfululizo kutalifanya bati liwe na mawimbi ambayo puti nyingine ndiyo itakayoyaficha, na tumerudi tulikotoka.

Pembe za tundu zilifanywa duara kwa biti ya kutobolea ya milimita 20. Kuzunguka tundu, kwa ndani, ikafungwa fremu ya bati la milimita 1.0 lililokunjwa umbo la L, ukingo wa milimita 20, ikaunganishwa na ubavu uliokuwa umekatwa pande zote mbili. Nukta za kuchomelea kila milimita 40. Mtetemo wa boneti uliisha kwa hatua hii peke yake. Kingo zote zilizokatwa zikapata praima ya epoksi kabla ya kitu kingine chochote.

Skupu ya zamani ilibaki kichwa tu. Kitako chake kilikatwa. Kitako kipya kilimwagwa juu ya boneti yenyewe, na hiyo ndiyo siri ya kukalia vizuri. Boneti ikafunikwa tepu pana bila mikunjo, ikapakwa nta mara tatu, halafu matabaka matatu ya mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Matabaka matatu yanatoa unene wa milimita 3 hivi. Eneo lilikuwa robo ya mita ya mraba: mkeka gramu 340, resini gramu 800. Hadina, kemikali ya kuigandisha resini, ni asilimia 1 mpaka 1.5 ya resini. Mchana wa jua kaa kwenye 1, la sivyo resini itaganda kwenye kopo kabla hujamaliza tabaka la pili. Hadina hiyo ikiruka jichoni inapofusha, kwa hiyo miwani ni lazima. Na kama resini yako inakuja na kiharakishi cha kobalti pembeni, usikichanganye na hadina moja kwa moja hata kidogo: mchanganyiko huo unalipuka. Kimoja kinaingia kwenye resini kwanza, unakoroga hadi kipotee, ndipo kingine.

Kitako kilipokauka siku nzima, kichwa cha skupu kikaunganishwa nacho kwa mkeka kutokea ndani. Bolti sita za M6 zenye vichwa bapa zikafukiwa kwenye faiba, nyuzi zikitazama chini. Matundu yake kwenye boneti yalitobolewa milimita 8, makubwa kuliko bolti, ili faiba ipate pa kusogea jua linapowaka. Kati ya kitako na bati ikapita gundi ya kubandikia vioo vya magari, ile nyeusi inayobaki kama mpira, unene wa milimita 3. Vipande vidogo vya mpira wa milimita 3 viliwekwa kwenye kona ili bolti zikikazwa zisiikamue gundi yote nje. Mkazo ni wa mkono na nusu mzunguko.

Boksi na pumzi

Kabureta za L24 ziko kushoto mwa injini na skupu iko katikati, kwa hiyo boksi linasafiri kwa ubavu juu ya kava la tapeti. Kuna swali la nafasi: injini inacheza kwenye maundi zake, mipira inayoikalia, kila unapokanyaga mafuta. Kipimo ni donge la unga wa chapati uliokandwa mgumu, likazungushiwa foili, likawekwa juu ya boksi, boneti ikafungwa taratibu na kufunguliwa. Donge lilibaki na unene wa milimita 11. Kwenye boksi la zamani kulikuwa na mkwaruzo mweusi unaong'aa uliothibitisha kuwa vilikuwa vinagusana. Boksi jipya la aluminiamu ya milimita 1.5 lilishushwa hadi nafasi ikawa milimita 25, na pengo likazibwa kwa ukanda wa sponji ya mpira unaobanwa na boneti inapofungwa. Boksi lisifungwe kwa bolti kwenye boneti. Kitu kimoja kinacheza na kingine kimetulia. Utakachokifunga kati yao kitakatika.

Sakafu ya boksi iliinamishwa, na kwenye kona ya chini kabisa ikatoka bomba la milimita 10 la kumwagia maji, ncha yake ikiwa na mdomo wa bata wa mpira unaofungwa na mvuto wa injini. Vichujio vilihamishwa vikae juu zaidi ya usawa huo. Skupu inayotazama mbele itaingiza maji ya masika, huwezi kuyazuia. Unachoweza ni kuyaonyesha njia ya kutokea kabla hayajafika kwenye kichujio.

Mipira ya pumzi ya mabakuli yote mawili ikaunganishwa na chuchu za milimita 8 kwenye bamba la nyuma la boksi, ndani ya kichujio, upande wa hewa safi. Upande una maana. Ukiiunganisha kabla ya kichujio, tatizo la skupu litaisha, lakini kichujio kikianza kujaa vumbi la barabara ya mchanga mvuto kwenye mdomo wa kabureta utazidi wa kwenye bakuli na gari litakula mafuta zaidi kila wiki. Ndani ya kichujio, vyote vinapanda na kushuka pamoja.

Wakati wa kufunga bamba, gasketi ilikaguliwa isizibe matundu madogo yaliyo kwenye uso wa kabureta. Hayo ndiyo yanayoipa pistoni hewa kwa chini. Yakizibwa pistoni inakuwa nzito kupanda, na utaanza kutafuta ugonjwa mpya usiokuwepo.

Joto la kuwasha tena

Ule ugonjwa wa kwanza haukuwa na uhusiano na hewa ya kuingia. Kabureta za 240Z zimekalia manifoldi ya eksozi. Gari likiwa linatembea kuna upepo. Ukizima, joto lote la eksozi linapanda moja kwa moja kwenye mabakuli, petroli inachemka na kumwagikia kwenye manifoldi. Skupu iliyofungwa kwenye boksi haitoi joto hilo hata tone. Kinachohitajika ni njia ya kutokea.

Pa kutoboa paliamuliwa kwa nyuzi za sufi. Vipande vya sentimita 6 vilibandikwa kwa tepu kwenye boneti nzima, kila sentimita 10, na simu ikarekodi kutoka ndani. Karibu na kioo nyuzi ziligeuka kutazama mbele: hapo hewa inakwama na shinikizo liko juu. Ndiyo sababu Camaro ya mwaka 1969 iliweza kuagizwa na boneti ambayo mdomo wake unatazama kioo, na ndiyo sababu pia tabia ya kuinua nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke ni kosa. Gari likisimama joto linatoka, kweli. Likitembea hewa inaingia, na likisimama moshi wa injini unaelekea kwenye tundu la hewa ya abiria lililo mbele ya kioo.

Kwenye nusu ya mbele, nyuzi zilisimama na kutikisika. Mpira wa levo ulithibitisha: mvuto wa kutoka ndani kwenda nje. Datsun wenyewe waliliweka jambo hilo kiwandani kwenye 280Z ya mwaka 1977, iliyokuja na matundu ya kutolea joto kwenye boneti. Hapa fundi bati alikunja mapezi manane ya milimita 100 kwa 12, midomo ikitazama nyuma, upande wa kushoto juu ya eksozi. Upande wa kulia yakawekwa ya mfano wake ili macho yaridhike, lakini yakazibwa kwa ndani, kwa kuwa distribyuta, kigawa umeme wa plagi, iko upande huo na maji yasingeiacha salama.

Chini ya kabureta likaingia bamba la kuzuia joto, aluminiamu ya milimita 1.5, likiachwa nafasi ya milimita 10 pande zote ili hewa ipite. Mwisho ikakaguliwa laini ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Laini hiyo ina tundu dogo la kubana, na lilikuwa limezibwa na ganda la mpira uliooza. Petroli ilikuwa inasimama kwenye bomba la moto badala ya kuzunguka. Ingekuwa uamuzi wetu, ukaguzi huu ungefanyika siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kushika grenda.

Baada ya hapo

Kabureta zilirudishwa mizunguko miwili na nusu, zikasawazishwa, kisha zikarekebishwa boneti ikiwa imefungwa, baada ya mwendo wa nusu saa. Marekebisho ya mwisho yalifanyika chini, kwenye tambarare ya KIA. Ukirekebisha bondeni, ukipanda Arusha mchanganyiko unazidi mafuta kidogo, na hilo haliui injini. Kinyume chake ndicho kinachoua.

Mpira wa levo kwenye kilomita 100 kwa saa sasa ulisoma sifuri kati ya mdomo wa kabureta na bakuli. Plagi zikawa rangi ya biskuti. Gari liliwashwa mara ya kwanza baada ya kusimama dakika 15 juani Boma Ng'ombe, likashika kwa mguso mmoja.

Kwenye masika boksi lilifunguliwa baada ya safari ya mvua kubwa. Sakafu ilikuwa na unyevu, vichujio vikavu. Bolti moja kati ya sita ilikuwa imeanza kutu kwenye uzi, pale gundi ilipokuwa haijafika. Ilisafishwa, ikapakwa grisi, na kuwekewa washa ya nailoni. Mdomo wa bata unahitaji kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu vumbi jekundu linaugandisha ukiwa wazi.